Ujumbe Utangulie Mgonjwa: Redio za Upepo, Boda Boda na Usalama wa Mama

  

Leo nataka tuzungumze juu ya vitu viwili mnavyovijua. Cha kwanza ni boda boda, pikipiki inayotupeleka sokoni, zahanati na hata matangani. Cha pili ni ile redio ndogo ya mkononi yenye antena fupi ambayo askari huibeba kiunoni. Wengine huiita redio ya upepo, wengine huiita wokitoki. Utauliza, vitu hivi vinahusiana vipi na mama anayejifungua? Vinahusiana sana, hasa kwetu tunaoishi mahali ambapo simu haishiki netiwaki.

Tuchukue mfano. Ni saa tisa usiku. Mama amejifungua nyumbani kwa sababu uchungu ulikuja ghafla na zahanati iko mbali. Mtoto amelia vizuri. Lakini damu ya mama haikomi. Kanga ya kwanza imelowa, ya pili imelowa. Mumewe anachukua simu na kupanda kichuguu akitafuta netiwaki. Hapati. Anakimbia kumwamsha kijana wa boda boda. Kijana anatafuta mafuta. Ikifika saa tisa unusu, ndipo pikipiki inaondoka na mama. Saa kumi unusu wanafika zahanati. Wanagonga lango na muuguzi anaamka. Anamtazama mama na kusema, "Huyu anahitaji kuongezwa damu, na hapa hatuna damu. Lazima aende hospitali kubwa." Gari la wagonjwa liko huko huko hospitali. Liitwe, lije, limchukue, lirudi. Hesabu mwenyewe, mama. Kutakuwa kumekucha.

Sasa sikiliza jambo hili kwa makini. Mama anayetokwa na damu nyingi baada ya kujifungua anaweza kufa kwa muda wa saa mbili tu. Saa mbili! Katika mfano wetu, saa mbili hizo ziliishia wapi? Ziliishia katika kutafuta, kugonga, kuamsha na kusubiri. Barabara ilikula muda, ndiyo, lakini sehemu kubwa ililiwa na kukosa habari. Kila mtu aliyehitajika alikuwepo. Kijana wa pikipiki alikuwepo. Muuguzi alikuwepo. Gari lilikuwepo. Tatizo ni kwamba kila mmoja alipata habari baada ya mgonjwa kufika mbele yake.

Ndiyo maana leo nasema hivi: ujumbe utangulie mgonjwa.

Wataalamu wa afya ya uzazi husema kuna ucheleweshaji wa aina tatu unaoua akina mama. Wa kwanza uko nyumbani, pale tunapochelewa kuamua kwamba mama apelekwe hospitali. Wa pili uko njiani, tunapochelewa kufika. Wa tatu uko hospitalini, mama amefika lakini anachelewa kuhudumiwa. Redio ya upepo husaidia katika ule wa pili na wa tatu. Inamwita mwenye pikipiki bila mtu kukimbia gizani. Inamwamsha muuguzi kabla lango halijagongwa. Na inaliondoa gari hospitalini mapema, likutane na pikipiki kwenye barabara kuu badala ya kungoja.

Turudi kwa mama yetu. Safari hii, mhudumu wa afya ya jamii pale kijijini ana redio. Kijana wa boda boda aliye zamu usiku huo ana redio. Zahanati ina redio ya mezani yenye antena juu ya paa. Saa tisa na dakika tano ujumbe umetoka. Muuguzi anasikia na kusema, "Msije kwangu. Nendeni moja kwa moja hadi njia panda ya lami. Naiarifu hospitali, gari litawakuta hapo." Huku nyuma anawaelekeza walio nyumbani la kufanya mpaka pikipiki ifike. Umbali ni ule ule na giza ni lile lile. Lakini sasa watu wote wanakwenda kwa wakati mmoja.

Pengine unasema, "Hayo ni maneno ya redioni tu." Hapana, mama. Jambo hili limefanyika, na karibu na sisi.

Mwaka 1996, katika wilaya ya Iganga nchini Uganda, kwenye barabara kuu inayotoka mpaka wa Kenya kwenda Kampala, ulianzishwa mpango ulioitwa RESCUER. Ulisaidiwa na UNFPA, shirika la Umoja wa Mataifa linaloshughulikia idadi ya watu na afya ya uzazi. Wakunga wa jadi walipewa redio za mkononi. Vituo vya afya viliwekewa redio za mezani. Gari la wagonjwa nalo lilikuwa na redio. Mkunga alipoona hatari, hakung'ang'ana peke yake mpaka asubuhi. Aliita. Na akina mama wengi zaidi wakapelekwa hospitali.

Kule Malawi, katika wilaya ya Mangochi, pikipiki zenye kitanda cha pembeni ziliwekwa kwenye vituo vya afya vya mbali ili kuwapeleka akina mama hospitali. Utafiti uliochapishwa mwaka 2008 ulionyesha kwamba pikipiki hizo zilipunguza saa za kuchelewa, na gharama yake ilikuwa ndogo sana kuliko ya gari.

Na hapa kwetu Kenya, redio si jambo geni katika tiba. Huduma ya madaktari wa ndege ya Amref ilianzishwa mwaka 1957, na kwa miaka mingi redio ndizo zilizounganisha hospitali za misheni za mashambani na madaktari walioko Nairobi. Muuguzi aliyekuwa peke yake jangwani aliweza kuuliza na kujibiwa. Hata leo, huko Samburu, Isiolo na Marsabit, askari wa hifadhi za wanyama hutumia redio za aina hii kila siku. Kwa hiyo kama unaishi karibu na hifadhi au kituo cha polisi, anza kwa kuuliza: je, hapa petu ni nani aliye na redio? Huenda msaada uko karibu kuliko unavyodhani.

Sasa tuseme jinsi chombo chenyewe kinavyofanya kazi, kwa sababu mama naye anapaswa kujua. Siku moja huenda ni wewe utakayekishika.

Redio ya upepo haihitaji kadi ya simu wala kununua salio. Inatuma sauti hewani moja kwa moja hadi kwa redio nyingine iliyo kwenye chaneli ile ile. Redio ya mkononi hufika kilomita chache. Mlima au kilima kikiwa katikati, sauti hukatika. Ndiyo sababu mipango mikubwa huweka mtambo juu ya kilima, unaopokea sauti na kuirusha mbele zaidi. Kama huna mtambo huo, panda mahali palipoinuka na usimamishe antena wima. Usiilaze.

Si kama simu ambapo wawili wanaweza kusema pamoja. Hapa husema mmoja mmoja. Bonyeza kitufe cha pembeni, ngoja kidogo, kisha sema. Ukibonyeza na kusema papo hapo, neno la kwanza hukatika. Ukimaliza, sema "ova", maana yake, nimemaliza, sasa ni zamu yako. Kisha achia kitufe. Usipokiachia hutasikia jibu, na utakuwa umewafungia njia wengine wote.

Usipige kelele. Najua moyo unakwenda mbio, lakini ukipiga kelele sauti huharibika na hawatakuelewa. Sema polepole, na useme mambo matano tu:

Kwanza, wewe ni nani na unamwita nani.
Pili, mko wapi.
Tatu, mgonjwa ni nani, kwa namba yake.
Nne, nini kimetokea, na tangu saa ngapi.
Tano, mnahitaji nini, na njia iko vipi. Je, mto umejaa? Je, daraja linapitika?

Sikiliza mfano huu.

"Zahanati, Zahanati, huyu ni Kijiji Tatu. Ova."

"Kijiji Tatu, huyu ni Zahanati. Nakusikia. Sema. Ova."

"Niko kwa mama namba kumi na nne. Amejifungua saa nane unusu. Kondo la nyuma limetoka. Damu nyingi, haikomi. Anazungumza, lakini ana kizunguzungu. Pikipiki Moja iko njiani. Mto unapitika. Ova."

"Nimekusikia. Mama namba kumi na nne, damu nyingi tangu saa nane unusu, kondo limetoka, mto unapitika. Akojoe, mtoto anyonye, sugua tumbo la uzazi mpaka liwe gumu. Pikipiki ikifika, niite kabla hamjaondoka. Ova."

Umesikia muuguzi alivyorudia maneno? Asiporudia, mwombe arudie. Ukisema kumi na nne na yeye akasikia arobaini, gari litakwenda kwa mama mwingine.

Labda umejiuliza kwa nini tulisema "mama namba kumi na nne" badala ya kutaja jina lake. Hili ni jambo kubwa, na naomba walezi walisikie. Sauti ya redio ya upepo husikika kwa kila mtu aliye kwenye chaneli hiyo. Kijana wa boda boda akiwa stendi na wenzake kumi, wote wanasikia. Ukitaja jina la mama, kesho soko zima litajua. Ukitaja kwamba ana virusi vya Ukimwi, au kwamba mimba imeharibika, utakuwa umemvunjia heshima. Na mama mwingine akisikia hayo, siku yake ikifika atakataa kuitiwa msaada. Kwa hiyo mhudumu wa afya ampe kila mjamzito namba anapoandikishwa kliniki, na daftari la namba likae kwake na kwa muuguzi peke yao. Mambo ya siri yasemwe uso kwa uso hospitalini.

Sasa niseme na ninyi vijana wa boda boda, maana najua mama zenu na wake zenu wanasikiliza. Usizungumze kwenye redio huku unaendesha. Mkono mmoja ukiwa kwenye kitufe, mkono mmoja tu ndio unaoshika usukani, na nyuma yako kuna mama. Ukiitwa, simama kando, weka mguu chini, ndipo ujibu. Vaa kofia ngumu na koti linalong'aa, na mama naye avae. Tena sheria inaruhusu abiria mmoja tu. Kwa hiyo usimbebe mgonjwa na wasaidizi wawili nyuma yake. Mlezi afuate kwa pikipiki ya pili. Kwa sababu hiyo, kwenye zamu ya usiku muwe wawili, si mmoja.

Na kuna wagonjwa ambao hawafai kukalishwa juu ya pikipiki. Mama aliyepoteza fahamu hawezi kujishikilia. Mama anayetetemeka kwa kifafa cha mimba ataanguka. Mama ambaye mtoto ameanza kuonekana hafai kupandishwa. Katika hali hizo, mwiteni muuguzi kwenye redio kabla ya kumwinua mama. Huenda atasema pikipiki ije kumchukua yeye muuguzi, au mama abebwe juu ya kitanda mpaka gari linapoweza kufika. Mwache muuguzi aamue. Hiyo ndiyo faida ya kuweza kuuliza.

Wakati mnangoja, fanyeni haya. Kama mama anatokwa na damu baada ya kujifungua, akojoe, maana kibofu kilichojaa huzuia tumbo la uzazi kujikaza. Mtoto awekwe kwenye titi anyonye. Kondo likiwa limetoka, sugueni tumbo chini ya kitovu mpaka msikie limekuwa gumu kama mpira. Mama alale, afunikwe apate joto. Msiingize kitu chochote ukeni, wala msivute kamba ya kitovu. Kama ana kifafa, mlazeni kwa ubavu wa kushoto, ondoeni mawe na vitu vya kumuumiza, na msimtie kijiko wala kitu chochote mdomoni.

Je, uite lini? Usingoje mpaka mama azimie. Ita msaada ukiona dalili yoyote kati ya hizi: damu kutoka wakati wa ujauzito, au damu nyingi baada ya kujifungua, kichwa kuuma sana pamoja na macho kuona ukungu, kifafa, uso na mikono kuvimba, homa kali, maji kuvunjika kabla ya miezi kutimia, mtoto kuacha kucheza tumboni, uchungu kupita saa 12, mkono, mguu au kitovu cha mtoto kutangulia, kondo la nyuma kutotoka baada ya nusu saa. Na kwa mtoto mchanga, ita akikataa kunyonya, akihema haraka haraka, akiwa na mwili wa moto sana au baridi sana, au akishikwa na kifafa.

Mpenzi msikilizaji, nimesema redio husaidia katika ucheleweshaji wa pili na wa tatu. Je, ule wa kwanza, ule wa nyumbani? Huo hakuna redio inayoweza kuuponya. Unaweza kuwa na redio mkononi, betri imejaa, kijana wa boda boda yuko tayari, na bado mama akafa kwa sababu mwenye boma yuko mnadani na hakuna aliyethubutu kuamua. Au kwa sababu mama mkwe amesema, "Sisi tulizaa watoto wanane hapa hapa." Nyanya, twakuheshimu, nawe umewapokea wajukuu wengi. Tunakuomba uwe wa kwanza kusema, "Iteni." Na wewe baba, kabla hujaenda kuuza ng'ombe, sema mbele ya watu wa nyumba yako: "Mke wangu akiona hatari, apelekwe. Msiningoje mimi." Maneno hayo hayagharimu hata shilingi moja.

Ninyi wa vikundi vya akina mama mtauliza, "Tutaanzaje?" Msikimbilie dukani kununua redio mbili na kuanza kuita hewani. Kutumia masafa ya redio kunahitaji leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya, ili msiingilie mawasiliano ya polisi au ya ndege. Anzeni kwenye kamati ya zahanati. Wao wapeleke ombi kwa idara ya afya ya kaunti. Chama chenu kinaweza kuchangia sola ya kuchajia na mafuta ya pikipiki. Andikeni zamu: nani anashika redio usiku wa leo, na nani kesho. Kila jioni saa kumi na mbili, kila redio iite zahanati, hata kama hakuna mgonjwa, kuhakikisha inasikika na betri ina chaji. Redio isiyo na mtu wa kuisikiliza ni pambo la ukutani.

Na mahali ambapo simu inashika, tumieni simu. Kanuni ni ile ile. Pigia zahanati kabla ya kuondoka nyumbani, si baada ya kufika langoni.

Basi tukumbushane kwa ufupi. Ita mapema, mara uonapo dalili ya hatari. Sema mambo matano, kwa sauti ya utulivu, bila kutaja jina la mama. Mwendesha pikipiki asimame kwanza ndipo ajibu. Asiyeweza kujishikilia asipandishwe pikipiki. Na uamuzi wa nyumbani ufanywe leo, wakati hakuna anayelia.

Kabla hujalala usiku huu, mama mwenye mimba, jibu maswali matatu. Nikipatwa na hatari usiku, nani atanibeba? Nani atamwarifu muuguzi, na kwa njia gani? Nani atabaki na watoto wangu? Ukikosa jibu la moja tu, kesho asubuhi nenda kwa mhudumu wa afya ya jamii mkalitafute pamoja.

Mimi niliyekuwa nawe nakutakia usiku mwema. Tukutane tena katika kipindi kijacho. Kwaheri.

Maswali ya kujadili katika kikundi cha wasikilizaji

1. Kutoka kijijini kwetu hadi hospitali inayoweza kuongeza damu ni mwendo wa saa ngapi usiku? Na wakati wa mvua?
2. Ni sehemu gani za kijiji chetu simu haishiki? Ni nani aliye karibu nazo mwenye redio ya upepo?
3. Mwenye boma akiwa safarini, ni nani anayeruhusiwa kuamua mama apelekwe hospitali?
4. Wawili wenu waigize: mmoja awe Kijiji, mwingine awe Zahanati. Semeni yale mambo matano. Wengine wasikilize kama kuna lililosahauliwa.